Kuweka Ziro kwenye Bunduki Mpya ya .375: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kambi ya Uwindaji

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kambi ya uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania, mwanzoni mwa msimu, ambao hufunguliwa tarehe 1 Julai. Majina ya wahusika, kitalu, mwaka, duka lililouza silaha pamoja na chapa ya bunduki na ya darubini vimeondolewa. Yaliyobaki ni mambo ya kiufundi na maamuzi, na hayo yameelezwa kama yalivyokuwa, yakiwemo yale niliyokosea mimi mwenyewe nikiwa mwindaji bingwa mwandamizi wa kambi hiyo.

Mmiliki wa bunduki alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, akiwa katika msimu wake wa kwanza wa kuongoza wageni. Kwa miaka kadhaa alikuwa ametumia bunduki ya .30-06 ya kuazima, na alikuwa akipiga vizuri. Kwa kazi mpya alihitaji bunduki kubwa zaidi, kwa kuwa kanuni za uwindaji nchini haziruhusu kutumia risasi yenye kipenyo kilicho chini ya inchi .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Alinunua bunduki mpya ya bolti, yaani yenye komeo la chuma linalovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi, inayotumia risasi ya .375 H&H Magnum, ambayo Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912 na ambayo hadi leo inatumiwa na wawindaji wengi barani Afrika. Leseni yake ya silaha na kibali cha kununua risasi vilikuwa sahihi. Alikuja na boksi tatu za risasi 20 kila moja: mbili za softi, yaani zile ambazo kichwa chake hupanuka kikigonga nyama, na moja ya solidi, ambazo kichwa chake hakipanuki. Vichwa vyote vilikuwa na uzito wa greni 300, sawa na gramu 19.4.

Darubini ilifungwa dukani. Duka lilimwambia kuwa bunduki imeshalengeshwa kwa kifaa na kwamba iko tayari kwa kazi. Kijana alilichukua neno hilo kama lilivyo. Ni neno ambalo wanunuzi wengi hulisikia, na kwa maoni yangu ndilo lililozaa sehemu kubwa ya yaliyofuata.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi hii, kuweka ziro maana yake ni kurekebisha darubini mpaka pale msalaba wake unapokaa pawe ndipo risasi inapotua, kwa umbali uliochaguliwa. Mtutu na darubini ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, na darubini hukaa sentimita nne na nusu hivi juu ya katikati ya mtutu. Macho hutazama kwa mstari ulionyooka, ilhali risasi hutoka chini ya mstari huo, hupanda kuufikia, na baadaye huanza kuanguka. Ziro ni makubaliano kati ya njia hizo mbili. Kifaa cha dukani hukadiria tu kwamba mtutu na darubini vinatazama upande mmoja. Hakijui risasi gani itatumika, wala hakijui kama skrubu zitastahimili teke la kwanza, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa.

Siku ya kwanza: risasi tisa

Siku nne kabla ya mgeni wa kwanza kufika, kijana alitoka kambini saa tatu asubuhi pamoja na dereva na mfuatiliaji nyayo. Mimi nilikuwa nimekwenda kukagua barabara ya upande wa pili wa kitalu. Walibandika karatasi kwenye boksi la katoni, wakaliegemeza kwenye kichuguu kikubwa, kisha kijana akahesabu hatua mia moja kurudi kwenye gari. Baadaye tulipopima kwa futi ya fundi tulikuta mita 88.

Alipiga akiwa ameegemea boneti ya Land Cruiser, huku sehemu ya mbele ya bunduki ikiwa juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili. Risasi tatu za kwanza hazikuonekana kwenye karatasi kabisa. Mfuatiliaji alidhani aliona vumbi upande wa kushoto wa kichuguu, lakini hakuwa na hakika. Kijana alizungusha kirekebishi cha juu, yaani kifundo cha darubini kinachorekebisha kimo, kliki (vituo vidogo vya kifundo) kumi na mbili kwa kukisia, akapiga tena, na risasi ya nne ikatoboa pembe ya chini kushoto ya katoni.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nimelishuhudia kwa watu wenye uzoefu kumzidi. Alifikiri kuwa msalaba unapaswa kulifuata tundu, na kwa kuwa tundu lilikuwa kushoto, akazungusha kirekebishi cha pembeni kuelekea kushoto. Mshale ulioandikwa kwenye kirekebishi hauzungumzii msalaba, bali unazungumzia tundu la risasi: ukizungusha kulia, risasi inayofuata itatua kulia zaidi. Kwa hiyo risasi ya tano na ya sita zilitoka tena nje ya karatasi. Risasi za softi alizokuwa nazo mfukoni zilikuwa zimekwisha, naye akajaza solidi bila kuona kuwa amebadilisha kitu. Ya saba na ya nane zilirudi kwenye katoni, zikiwa zimeachana kwa zaidi ya shubiri. Ya tisa ndiyo iliyomaliza zoezi. Alikuwa ameinamia kitako akisogeza uso mbele ili aone vizuri, na teke lilirudisha ukingo wa darubini kwenye nyusi yake.

Nilipofika kambini saa saba mchana nilimkuta ameketi chini ya mwembe, kitambaa chenye damu kikiwa juu ya jicho la kulia. Bunduki ilikuwa imelazwa mezani, na mtutu wake ulikuwa bado na joto.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nadhani darubini ni mbovu. Nimeizungusha kila upande."

"Marahaba, mwanangu. Tuache bunduki ipoe kwanza. Leo hatupigi tena."

Uamuzi wa kwanza: kusimama

Kijana alitaka kuendelea jioni ile ile kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha. Nilikataa kwa sababu tatu, na bado naziona kuwa sahihi. Mpigaji alikuwa ameumia, na bega ambalo limeshapigwa na kushtushwa haliwezi kutoa ushahidi wa kuaminika juu ya bunduki. Mtutu ulikuwa umepata joto, na mtutu mwembamba ukipata joto huweza kusogeza mahali pa kutua. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni kwamba hatukuwa tunajua kosa liko wapi. Katika risasi tisa kulikuwa na mabadiliko ya darubini mara mbili, aina mbili za risasi, namna ya kuegemea isiyo thabiti na umbali usiopimwa. Matundu matatu yaliyoonekana kwenye katoni hayakuweza kutuambia chochote.

Tuliitumia alasiri kuikagua silaha. Baada ya kuhakikisha kuwa chemba na magazini ni tupu, nilitoa bolti na kuanza na skrubu za darubini. Mbili za pete ya nyuma zilizunguka kwa ncha za vidole, bila spana. Nilipoiondoa darubini nzima, skrubu ya mbele ya bamba linaloishikilia kwenye bunduki ilikuwa imelegea pia, na ndani ya tundu lake mlikuwa na mafuta ya kiwandani. Darubini ilikuwa ikicheza kwa kila risasi. Hata kama kijana angezungusha virekebishi kwa usahihi kamili, asingepata ziro siku ile.

Tulifuta mafuta kwenye matundu na kwenye skrubu kwa spiriti, tukaacha vikauke, tukatia tone dogo la gundi ya kushikia skrubu, kisha tukakaza kwa mkono mfupi wa spana ya L kwa nguvu ya vidole viwili, tukipokezana kulia na kushoto ili pete zibane sawasawa. Kambi haikuwa na spana yenye kipimo cha nguvu, na hilo ni pungufu ambalo tumelirekebisha tangu hapo. Kabla ya kukaza mara ya mwisho tulisogeza darubini mbele kwa sentimita moja na nusu, mpaka kijana alipoweza kuinua bunduki akiwa amefumba macho, akayafumbua, na kuona duara kamili bila kunyoosha shingo. Nafasi kati ya jicho na kioo sasa ilikuwa sentimita tisa hivi. Msalaba tuliunyoosha kwa timazi, yaani jiwe lililofungwa kwenye uzi na kuning'inizwa ukutani, ili mstari wa wima uwe wima kweli.

Mpishi wa kambi alitupatia rangi ya kucha nyekundu. Kwa sindano tulichora mstari mwembamba unaopita juu ya kila skrubu na kuendelea kwenye pete, ili skrubu ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na jicho lione. Mwisho tulizungusha kila kirekebishi mpaka mwisho wa upande mmoja, tukahesabu kliki mpaka mwisho wa upande wa pili, tukarudi nusu. Darubini ilikuwa imerudi katikati, na makosa ya asubuhi yalikuwa yamefutwa.

Siku ya pili: mita 25, kisha mita 100

Tulianza saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tulichagua mahali ambapo ukingo wa mto mkavu ulikuwa na kimo cha zaidi ya watu wawili, mchanga mtupu bila mawe. Askari wa wanyamapori aliarifiwa, naye alikuja kusimama nasi. Kanuni tuliyoitangaza ilikuwa moja: mtu akivuka mstari kwenda kwenye karatasi, bolti inatoka kwenye bunduki na kuwekwa mezani mahali ambapo kila mtu anaiona. Wote tuliziba masikio.

Meza ya chakula ndiyo iliyokuwa jukwaa letu. Tulijaza mchanga wa mto katika viroba viwili vya unga: kimoja mbele chini ya ubao wa bunduki, kingine kidogo chini ya kitako. Mtutu wenyewe haukugusa chochote. Bunduki iliyoegemea kitu kigumu huruka mbali nacho wakati wa teke, na ndiyo maana boneti yenye blanketi jembamba haifai.

Tulipima mita 25 kwa futi. Katika katoni tulichora duara jeusi la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda na mistari ya sentimita mbili mbili kulizunguka. Kisha, bolti ikiwa nje, kijana alitazama ndani ya mtutu kutokea nyuma, akisogeza viroba mpaka duara likakaa katikati ya mwanga wa mdomo wa mtutu. Bila kuigusa bunduki, alizungusha virekebishi mpaka msalaba nao ukakaa juu ya duara lile lile. Njia hii haina gharama na inafanyika kwa kila bunduki ya bolti. Ingefanyika siku ya kwanza, risasi tatu za mwanzo zisingepotea.

Risasi ya kwanza ilitua sentimita 5 kushoto na sentimita 3 chini. Ilikuwa mahali panapoonekana na kupimika, na uso wa kijana ulibadilika pale pale. Mkono wake ulikwenda kwenye kirekebishi. Nilimwomba kwanza aniambie atazungusha kliki ngapi.

"Saba," alisema. "Kila kliki ni milimita 7."

Hesabu hiyo ni sahihi kwa mita 100. Kliki haisogezi risasi kwa milimita, bali kwa pembe, na pembe hupanuka kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa mita 25, ambazo ni robo, kliki moja husogeza tundu milimita 1.8 tu. Kwa hiyo sentimita 5 zilihitaji kliki 28 kwenda kulia. Kwa upande wa kimo hatukutaka risasi itue katikati ya duara. Kwa risasi hii na kimo hiki cha darubini, bunduki yenye ziro ya mita 100 inapaswa kutua sentimita moja na nusu hivi chini ya alama ikiwa kwenye mita 25, kwa kuwa risasi bado inapanda kuufikia mstari wa macho. Tuliipandisha kliki 8. Risasi ya pili na ya tatu ziligusana, sentimita moja na nusu chini ya kitovu cha duara.

Kabla ya kuhamia mita 100 tulijadiliana juu ya umbali wa ziro, na hapa hatukukubaliana mara moja. Kijana alikuwa amezoea .30-06 yenye ziro ya mita 200 na alitaka hivyo hivyo. Hoja yangu ilikuwa kwamba katika miyombo nyati hupigwa kwa mita 40 hadi 80, na kwamba kazi ya bunduki ya mwindaji bingwa ni ya karibu zaidi, wakati mambo yameharibika. Ikiwa na ziro ya mita 100, risasi hii haitoki nje ya sentimita mbili za mstari wa macho kati ya mita 25 na 100. Kwa mita 150 inakuwa sentimita 6 hivi chini, na kwa mita 200 sentimita 17 hivi. Mtu anaweza kuikumbuka hesabu hiyo akiwa amechoka na kuogopa. Kijana aliikubali.

Kwa mita 100 alipiga risasi tatu, akipumzisha mtutu kati ya moja na nyingine. Mbili zilikaa karibu. Ya tatu ilitoka sentimita 11 chini kulia. Alisema mwenyewe kuwa pengine alishtuka, lakini hakuwa na hakika, na hakika ndiyo tuliyoihitaji. Basi nilimwomba ageuke atazame mto huku mimi nikijaza chemba. Sikumwambia kama nimeweka risasi au ganda tupu. Kwenye ganda tupu la kwanza kila mtu aliiona: triga ilipofyatuka bila mlio, mdomo wa mtutu ulizama kama mtu anayesujudu, na jicho lake la kulia lilikuwa limefumba. Nyusi ilikuwa inakumbuka jana.

Hakukuwa na sababu ya kumlaumu. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na mezani linauma zaidi kuliko mtu akiwa amesimama, kwa sababu mwili hauna nafasi ya kurudi nyuma. Tuliweka kifuko cha chumvi cha kilo moja kati ya bega na kitako. Alifyatua kwa ganda tupu mara kumi, akivuta triga polepole mpaka msalaba ulipoacha kutikisika wakati wa kufyatuka. Tulikunywa chai. Baada ya nusu saa alipiga tatu nyingine, na matundu yote yakakaa ndani ya upana usiozidi sentimita 4. Kitovu cha kundi, yaani katikati ya matundu hayo matatu, kilikuwa sentimita 4 kulia na sentimita 1 chini ya alama.

Hapo tu ndipo tulipogusa darubini kwa umbali huo: kliki 5 kushoto na 1 juu. Tatu za kuthibitisha zilizunguka kitovu cha alama. Mwisho tulijaribu solidi tatu bila kubadilisha chochote, nazo zikakaa kundi zuri lililokuwa sentimita 3 chini na 2 kulia ya lile la softi. Uzito wa kichwa ulikuwa ule ule, lakini umbo, urefu na jinsi kinavyokaa ndani ya mtutu ni tofauti, na bunduki hulisoma hilo. Kwa nyati wa mita 50 tofauti hiyo haina madhara. Iliandikwa, na ziro ikabaki ya softi.

Siku ya tatu

Tulirudi asubuhi kwa risasi moja tu, mtutu ukiwa baridi na umefutwa mafuta kwa kitambaa kikavu. Wengi huiruka hatua hii, wakati porini risasi ya kwanza hupigwa kwa mtutu baridi karibu siku zote. Ilitua sentimita moja na nusu kutoka kwenye kitovu. Risasi nne zilizofuata alizipiga akiwa amesimama, bunduki ikiwa juu ya vijiti vitatu, kwa mita 50. Kundi lilikuwa pana, kama kitanga cha mkono, na hivyo ndivyo linavyopaswa kuwa kwa mtu aliyesimama. Meza hupima bunduki, vijiti hupima mtu.

Matokeo

Kwa siku tatu zilitumika risasi 29: tisa za siku ya kwanza, kumi na tano za siku ya pili na tano za siku ya tatu. Zilibaki softi 17 na solidi 14, kiasi kilichotosha msimu. Mgeni alipofika bunduki ilikuwa na kadi ndogo iliyobandikwa ubavuni mwa kitako kwa selotepu, yenye ziro, tofauti ya solidi na kiasi risasi inavyoshuka kwa mita 150 na 200. Wiki tatu baadaye, baada ya safari ndefu katika barabara mbovu, tuliipiga risasi moja ya ukaguzi. Haikuwa imehama, na mistari ya rangi ya kucha ilikuwa mizima. Kovu la nyusi lilipona. Kijana aliwasiliana na duka, nao walijibu kwamba skrubu zilikazwa.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi halikuwa kliki za upande usio sahihi, bali kugusa darubini kabla ya kuwa na kundi. Tundu moja linaweza kusababishwa na darubini, skrubu, risasi, upepo, bega au jicho. Ukizungusha kirekebishi kwa ajili ya tundu moja, unaweza kuwa umeandika mshtuko wako ndani ya darubini, na risasi nzuri inayofuata itaonekana mbaya. Risasi ya sentimita 11 ya siku ya pili ingetupoteza kabisa kama tungeikubali kama ushahidi wa bunduki. Zoezi la ganda tupu lilitenganisha mtu na silaha kwa gharama ya dakika chache, na ndilo ninalolithamini kuliko yote katika kisa hiki.

Kuanza na mita 25 kulifaulu kwa sababu ya ukubwa wa makosa yanayoonekana. Hitilafu ya sentimita 5 kwa umbali huo ni sentimita 20 kwa mita 100, na hitilafu ya sentimita 15 ingekuwa sentimita 60 kwa mita 100, nje kabisa ya katoni letu. Lakini mita 25 haitoshi peke yake. Mtu akiweka alama yake katikati kabisa kwa mita 25 na .375 hii akaondoka, kwa mita 100 risasi itatua sentimita sita au saba juu, na hatajua kwa nini.

Upande wangu, mambo mawili hayakwenda vizuri. Bunduki ilifika kambini siku mbili kabla ya zoezi, nami niliipokea, nikaisifu, nikairudisha bila kuweka spana kwenye skrubu hata moja. Ukaguzi wa dakika kumi ungezuia jeraha na risasi tisa. Pia risasi kumi na tano za .375 kutoka mezani kwa asubuhi moja ni nyingi mno kwa mtu aliyeumizwa jana yake. Kundi lilikuja vizuri, lakini bega lake lilikuwa limevimba jioni, na kama kundi lisingekuja tungekuwa tunamfundisha woga. Solidi zilipaswa kungoja siku ya tatu. Niliharakisha kwa sababu ya mgeni, yaani kwa sababu ile ile niliyoikataa siku ya kwanza ilipotoka kinywani mwa kijana.

Kuna mtu mmoja ambaye uamuzi wote huu ulimhusu kuliko sisi. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, anayetangulia ni mfuatiliaji nyayo, macho yakiwa chini kwenye damu, mikono haina kitu, na bunduki iko nyuma yake. Jioni ya siku ya tatu mfuatiliaji wetu, ambaye siku ya kwanza alikuwa amesimama karibu na boneti akitafuta vumbi kwenye kichuguu, alikuja mezani na kumwomba kijana karatasi ya mita 100. Aliishika kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole gumba juu ya matundu matatu ya kuthibitisha, na kidole kikayafunika mawili. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akamwambia kijana kwamba kesho kutwa wataondoka saa kumi na moja alfajiri.